Wati 3,000 za boksi au wati 80 za mtumba?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nimepanga Pasiansi, Mwanza. Marehemu baba aliniachia spika mbili kubwa za kusimama sakafuni, zilizotengenezwa Uingereza. Nyuma zimeandikwa omu 8, desibeli 87, wati 100. Kwa sasa nazipiga kwa redio ya zamani yenye wati 15 kila upande, na nikipandisha sauti inapasuka. Nimedunduliza hela ninunue amplifaya yenye nguvu kweli, maana napenda rumba na nataka besi niisikie kifuani. Mjini nimeona mbili, bei zinakaribiana. Moja ni mpya, boksi linasema wati 3,000, ina taa za rangi, blututhi na sehemu ya flashi. Nyingine ni mtumba wa Japani, nzito, wati 80 kila upande. Jirani ananiambia hizo 3,000 zitaunguza spika za mzee. Nichukue ipi? Na nyaya za spika zina umuhimu wowote? – Mwalimu, Pasiansi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Alikuachia spika za maana, kwa hiyo tuzitafutie mwenzi anayezifaa.

Mwambie jirani asiwe na hofu na zile wati 3,000, kwa sababu hazipo. Rudi dukani, omba kuigeuza ile mpya nyuma, usome kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Ninayo moja ya jamii hiyo mezani hapa karakana, imeletwa kutengenezwa. Mbele imeandikwa 3,000 kwa herufi za dhahabu. Nyuma, kwa maandishi madogo: volti 230, hezi 50, wati 120, fyuzi ya ampea 2. Ampea 2 mara volti 230 ni wati 460, na hapo fyuzi iko ukingoni. Umeme unaoingia ni wati 120, sasa hizo 3,000 zinatoka wapi? Nimefungua kifuniko: transfoma inaenea kiganjani, na kapasita za kutunza umeme ni mbili ndogo za maikrofaradi 3,300. Na sehemu ya umeme huo unaoingia inageuka joto kabla haijafika kwenye spika. Ukiihurumia sana, hii itakupa wati 30 safi kila upande.

Ile 3,000 ni kipimo kinachoitwa PMPO. Hakina kanuni moja inayokubalika, kila mwenye kiwanda anakokotoa anavyopenda. Wewe tafuta RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo, na uulize imepimwa kwa spika za omu ngapi (kipimo cha ukinzani, zako ni 8), chaneli zote mbili zikipiga kwa pamoja au moja peke yake. Marekani nako wauzaji walikuwa wakitupia namba hivi hivi, mpaka Tume ya Biashara ya Shirikisho ikaweka kanuni mwaka 1974 ya namna ya kutangaza wati za amplifaya za nyumbani. Huku kwetu mnunuzi anajilinda mwenyewe, na kibandiko cha nyuma ndicho mlinzi wake wa kwanza.

Sasa, wewe unahitaji wati ngapi? Hapa nakuomba utulie, kwa sababu masikio hayahesabu kama mfuko unavyohesabu. Ukizidisha wati mara mbili, kutoka 50 hadi 100, sauti inapanda desibeli 3 tu, badiliko utakalolisikia lakini halitakushtua. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati kama mara 10. Spika zako zinatoa desibeli 87 kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Ukikaa kwenye kochi mita 3 au 4 kutoka zilipo, zote mbili zikipiga, kadiria desibeli 80 kwa wati 1 hiyo hiyo. Na 80 si sauti ndogo. Mtu akitaka kuzungumza nawe itabidi apaze sauti. Ina maana jioni nyingi utakuwa unatumia wati 1 au chini ya hapo.

Wati zinazobaki ni za nini? Ni za ile ngoma inayopigwa ghafla na ile besi ya rumba unayoitaka kifuani. Muziki uliorekodiwa vizuri una vilele vinavyopita wastani wake kwa desibeli 15 hivi. Ukisikiliza kwa wastani wa 80, kilele kinafika 95, na kinadai wati zaidi kidogo ya 30 kwa kufumba na kufumbua. Jumamosi ukiongeza hadi wastani wa 84, kilele kinadai wati kama 80. Redio yako ya wati 15 inafika pale, inashindwa, inakata kichwa cha wimbi. Huko ndiko kupasuka unakokusikia. Kwa sebule yako na spika zako, wati 80 za kweli zinatosha kabisa. Nisingekuuzia zaidi hata kama ningekuwa na duka.

Hofu ya jirani ina chembe ya ukweli, ila ameiweka upande usiofaa. Spika nyingi zinazofika kwangu zimeungua twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu, na mara nyingi zilikuwa zikipigwa na amplifaya ndogo iliyolazimishwa. Wimbi likikatwa kichwa huzaa sauti nyingi kali za juu ambazo hazikuwemo kwenye wimbo, na zote hukimbilia kwenye twita, ambayo koili yake ni uzi mwembamba kama unywele. Amplifaya yenye akiba haifiki huko upesi. Inaweza kuunguza nayo, ukiifungulia hadi mwisho usiku kucha, lakini masikio yako yatakuwa yamelalamika mapema.

Kwa hiyo chukua ya mtumba, kwa masharti. Mwaka 1978 kampuni ya NAD ilitoa amplifaya ya wati 20 tu kila upande, iitwayo 3020, na ikajizolea sifa dunia nzima kwa sababu umeme wake wa ndani uliweza kutoa pumzi ya ghafla muziki ulipoidai. Hilo ndilo unalolipia katika ule uzito: transfoma, kapasita nene na mabati ya alumini ya kupozea transista. (Kuna amplifaya za siku hizi za aina iitwayo daraja D ambazo ni nyepesi na nguvu yake ni ya kweli, basi usidharau kila kitu chepesi. Soma kibandiko.)

Sharti la kwanza na kubwa: Japani wanatumia volti 100. Kibandiko kikisema 100V pekee, ukiichomeka kwenye soketi yako ya 230 umeiua siku hiyo hiyo. Nunua transfoma ya kushusha kutoka 230 hadi 100, yenye uwezo wa VA (voltiampea) 500 kwenda juu. Nyingi madukani ni za 110, zinazolenga vifaa vya Marekani, na kwa kifaa cha volti 100 hizo zinazidi. Tena transfoma haitulizi umeme. Umeme wa mtaa ukipanda hadi 250, upande wa pili nao unapanda, kwa hiyo tanguliza stebilaiza. Jumlisha gharama hizi kabla ya kukubaliana bei.

Sharti la pili, ijaribiwe mbele yako, bila spika za mzee. Nenda na mtu mwenye multimita. Iwashwe, msubiri ule mlio wa "tik" wa kinga ya spika, ambao kwa nyingi huja baada ya sekunde chache. Kisha muweke mita kwenye DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), mpime matundu ya spika, nyekundu na nyeusi, volyumu ikiwa sifuri. Ikisoma chini ya milivolti 50, vizuri. Ikisoma volti nzima, ondokeni, kwa sababu umeme huo ungekaa kwenye wufa, ile spika kubwa ya besi, mpaka iungue. Iacheni iwake nusu saa, mpime tena ikiwa na joto. Volyumu ikikwaruza unapoizungusha, hiyo ni vumbi, inasafishika, ila itumie kuomba upunguziwe.

Nyumbani, usiiweke kwenye dirisha linaloangalia ziwa. Wale wadudu wadogo wanaokuja kwa mawingu hufuata mwanga usiku, huingia kwenye matundu ya hewa na kufia juu ya saketi, kisha unyevu unamalizia. Ifunike kwa kitambaa ikiwa imezimwa na imepoa, kamwe isiwe ikiwaka. Radi ikianza, chomoa waya wa umeme na wa antena. Kuzima swichi hakutoshi. Na mwulize mwenye nyumba kuhusu ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Kwenye mawe yetu haya, fimbo ya ethi mara nyingi imegota kwenye jabali na kuachwa juu juu.

Nyaya: umuhimu upo, mdogo. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wa kawaida kutoka duka la vifaa vya umeme, unatosha hata kwa mita 8. Chanya iende kwenye chanya pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, spika moja itasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi yote itapotea kwenye kochi.