Kwako uliyeniuliza kama uache kuchora

Msomaji mmoja kaniandikia: "Nachora kila siku, miaka inakwenda, na kila picha naiona mbaya kuliko ya jana. Niache tu?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikashindwa.

Mimi pia niliambiwa niache. Mwalimu wangu wa kwanza aliichukua karatasi yangu, akaiinua darasa zima lione, akasema huo ni mkono wa kubebea mizigo. Walicheka, na aliyecheka zaidi namkumbuka mpaka leo. Mwezi uliopita uso wa bibi kizee niliouchora kwa mkaa umechaguliwa kwenye maonyesho. Nikubali tu kwamba nilitamani yule mwalimu apite mlangoni pale. Nimesamehe, lakini kusahau bado.

Ya katikati siyasimulii. Ilikuwa kuchora na kuchana.

Kilichonibadilisha ni kupima. Karibu kila anayeanza huyaweka macho juu mno, uso ukatoka na paji la nusu kidole, kwa sababu anachora anachodhani badala ya anachokiona. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, mpime mtu mzima kwa penseli kutoka utosini hadi kidevuni: macho yako katikati kabisa. Nilipozoea kupima hivyo, tabia ikanifuata hadi nje ya karatasi. Nilikuwa mwepesi wa hasira, mtu akinuna najua ananinunia mimi. Sasa natazama mara ya pili kabla sijasema neno, na mara nyingi nakuta hana habari nami.

Kwa hiyo, ndugu yangu, picha zako huenda hazijaharibika. Jicho limekua, mkono bado uko njiani. Hokusai, mchoraji wa Japani aliyefariki mwaka 1849 akikaribia miaka 90, aliandika kwamba yote aliyoyachora kabla ya kufika miaka 70 hayakuwa na maana. Wewe una haraka ya kwenda wapi?

Chora. Ukichoka, pumzika, kisha chora. Itazame picha yako kwenye kioo, kama Leonardo da Vinci alivyowashauri wachoraji. Kosa ambalo jicho limelizoea litajitokeza lenyewe. Usimwonyeshe mwenye mdomo mchafu kazi ambayo haijaisha. Na zile za zamani acha kuzichana: ziandike tarehe kwa nyuma, uziweke.