Usiuze shamba bado

Pole sana ndugu yangu. Umesema mzee analima mpunga Kilombero, mguu umevimba miaka sasa, una matundu yanayotoa usaha wenye chembe nyeusi kama unga wa baruti, na mmeambiwa apasuliwe. Unauliza kama muuze ekari mbili za shamba ili kulipia upasuaji.

Kwanza, je, kinyama kidogo kutoka kwenye mguu huo kimepimwa maabara? Dalili hizo zinafanana na maisetoma, ugonjwa wa muda mrefu wa ngozi na nyama unaoletwa na bakteria au fangasi. Ikiwa imeletwa na bakteria, mara nyingi dawa za miezi kadhaa hutosha bila kisu. Ikiwa ni fangasi, na chembe nyeusi huelekea huko, upasuaji huenda pamoja na dawa za muda mrefu. Kwa hiyo ombeni makadirio ya maandishi: kitanda, vipimo, nauli za kliniki, na dawa za baadaye. Hizo za baadaye ndizo huwaumbua watu. Mchango unaisha siku ya upasuaji, halafu ugonjwa unarudi.

Akifika hospitali ya rufaa, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya dirisha la malipo. Chukueni barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yake. Wasiojiweza huweza kupata msamaha, wote au sehemu.

Pengo likibaki, changisheni ukoo. Mwekeni mtunza hazina asiye mtoto wa mzee (nisamehe, nimeona ndugu wakigombana), fedha ilipwe hospitali moja kwa moja, risiti zipigwe picha na kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp.

Shamba mnaweza kulikodisha msimu mmoja.