Kasida kwa mgonjwa wa kiharusi aliyepoteza usemi

Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, mtu anaweza kushindwa hata kuomba maji, lakini ikianzwa kasida aliyoijua tangu chuoni, maneno yanamtoka. Jamaa hufurahi wakadhani usemi umerudi. Bado. Kasida imekaa kichwani nzima nzima, ulimi unaifuata bila kutafuta neno. Kazi ya kikundi cha kuimba naye ni kuuvuta uimbaji ule mpaka ufike kwenye "nataka maji".

Watu 6 hadi 8 wanatosha, wakiwemo wa nyumbani kwake, barazani baada ya alasiri. Anzeni na kasida mbili anazozijua, kwa mwendo wa taratibu. Asiyependa kasida aimbe taarab, hapana ubaya. Dufu lipigwe kwa mbali. Likizidi, hasikii silabi.

Kisha sentensi. Njia hii ilitoka Boston, Marekani, mwaka 1973. Kaa naye uso kwa uso, shika mkono wake wa kushoto, maana wa kulia mara nyingi umelegea, ugonge nao mezani mara moja kwa kila silabi: na-ta-ka-ma-ji. Sauti ni mbili tu, ya chini na ya juu. Ya juu iangukie "ta" na "ma", pale pale tunapokazia tunaposema. Mwanzo vumisheni midomo ikiwa imefungwa, halafu imbeni pamoja, kisha wewe nyamaza katikati amalizie mwenyewe. Akishaweza peke yake, muulize, "Wataka nini?" Ajibu kwa kusema, asiimbe.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mzee anakwama kidogo tu, watu watatu washammalizia! Hesabu moyoni mpaka 6 kabla ya kumsaidia. Akisema "naaka maji", mpe maji, usimsahihishe.

Sentensi ziwe za siku yake: "sabalkheri", "nipe kofia", jina la mkewe. Sentensi tatu kwa wiki, na mazoezi ya nyumbani dakika 10 kila siku. Bila dakika hizo, kikao cha wiki ni burudani tu.

Anayesema mfululizo maneno yasiyoeleweka, na haelewi anachoambiwa, njia hii haimsaidii sana.

Kahawa na haluwa za mwisho wa kikao zina hatari yake. Anayepaliwa, au sauti yake inayokuwa ya majimaji baada ya funda moja, asipewe mpaka hospitali wamwangalie anavyomeza.