Sola na Nguzo: Mbona Haviingiliani?

SWALI: Shikamoo baba fundi. Nyumbani kwetu Tukuyu tuna paneli ya sola, betri ya gari na taa nne za volti 12. Sasa tumevuta umeme wa nguzo, na fundi kakataa katakata kuziunga taa zile kwenye umeme mpya. Kwani umeme si umeme? Nani alileta aina mbili?
Msomaji, Rungwe

JIBU: Marahaba binti yangu. Fundi wako kasema kweli, msikilize. Betri hutoa DC, umeme unaokwenda upande mmoja tu. Wa nguzo ni AC: huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na kwenye soketi ni volti 230. Taa ya volti 12 haimalizi hata sekunde humo. Nilipokuwa najifunza kazi Mwanjelwa niliunguza hivyo redio ya mama mmoja wa Uyole. Harufu ile naikumbuka hadi leo.

Aina hizi ziligombana vikali Marekani. Mvumbuzi Thomas Edison aliwasha sehemu ya New York kwa DC mwaka 1882, kwa volti 110, lakini umeme wake haukufika mbali. Ukivuka kama kilomita moja na nusu taa zinafifia. Mwenye viwanda George Westinghouse akashika AC, na mwaka 1888 akanunua haki za uvumbuzi wa Nikola Tesla, mvumbuzi wa mitambo ya AC. Upande wa Edison ukasaidia maonyesho ya kuua mbwa kwa AC ili watu waiogope. Mtu mwenye kipaji kile hakupaswa kufika huko, na nasema hivyo nikimheshimu.

Kilichoamua ni transfoma, kifaa cha kupandisha na kushusha volti. Kwa nguvu ileile, ukipandisha volti mara kumi, mkondo hupungua mara kumi, na joto linalopotea kwenye waya hupungua mara mia. Transfoma haikubali DC, ni AC tu. Ndiyo maana mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara uliweza kusafiri hadi mji wa Buffalo. Siku ukipanda basi kutoka Makambako kuja Mbeya, tazama ile minara ya chuma: waya zake zina volti 220,000. Kwa DC ya Edison, maji ya bwawa la umeme la Kidatu, kule Morogoro, yasingetuwashia hata taa moja huku juu.

Taa zako usizitupe. Ziache na betri yake, waya wake na swichi zake, mbali kabisa na waya za nguzo. Mvua za Rungwe unazijua. Umeme ukikatika usiku, hizo ndizo zitakazowaka.