Je, niirudie Buffy?

SWALI: Dada, shikamoo. Nikiwa sekondari tuliangalia Buffy the Vampire Slayer, ile tamthilia ya msichana anayewinda wanyonya damu, kwenye deki ya jirani, hapa Mwanga, Kigoma. Sasa binti yangu anaitaka. Itaninogea tena kweli?
Mama wa Mwanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Iangalie! Ilirushwa Marekani kuanzia 1997 hadi 2003, misimu 7, na mimi nimeirudia yote. Vinyago vya wanyonya damu vya mwanzoni vimechakaa, hilo halina ubishi. Utamu hasa uko msimu wa 5, sehemu iitwayo The Body, ya 2001. Buffy anamkuta mama yake, Joyce, amekufa kwenye kochi. Hakuuawa na jini wala mnyonya damu. Ni maradhi tu. Hakuna muziki wa kusindikiza hata kidogo. Usichana wangu niliiona inachosha, nikingojea mapigano. Tangu hapo nimemzika mama, Ujiji, na Anya, rafiki wa Buffy aliyewahi kuwa jini, anapouliza kwa nini Joyce asirudi tu mwilini mwake, nililia kwa sauti. (Anya ameishi zaidi ya miaka 1,000, lakini msiba haujui.) Sehemu hiyo msimwache binti aitazame peke yake. Msimu wa kwanza ukimchosha, aanzie wa 2, hatapotea.