Amplifaya ya mwanafunzi: soma valvu kabla ya kuwasha chuma cha kulehemu

Ukiletewa amplifaya ndogo ya gitaa ya miaka ya 1950 au 1960, jina lililoandikwa mbele liamini mwisho kabisa. Vyombo hivi vilitengenezwa Marekani kwa ajili ya wanaojifunza: wati 5 hivi, spika moja ya inchi 8, nobu moja au mbili, na mara nyingi viliuzwa pamoja na gitaa la bei ya chini kama seti moja. Kiwanda kimoja kiliweza kubandika majina kadhaa juu ya mtambo uleule. Valco ya Chicago ilikuwa na Supro na National, na wakati huohuo ikiyatengenezea maduka ya Montgomery Ward amplifaya za Airline. Silvertone nyingi zilizouzwa na maduka ya Sears zilitoka kwa kampuni ya Danelectro, New Jersey. Gibson nao walitumia jina la Kalamazoo kwa bidhaa zao za bei nafuu. Ukiambiwa "hii ni Silvertone", basi, bado hujaambiwa kitu.

Mimi huligeuza boksi na kusoma namba za valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani. Katika utaratibu wa Marekani, tarakimu za mwanzo hukupa takriban volti za filamenti, yaani ule uzi unaowaka ndani: 6V6 hutaka volti 6.3, 12AX7 hutaka 12.6 (au 6.3, nusu zake mbili zikiungwa sambamba), 5Y3 hutaka 5. Ukizikuta hizo tatu pamoja, umekutana na mpango uliofanywa maarufu na Champ, amplifaya ndogo ya kampuni ya Fender. 12AX7 huikuza sauti kwa hatua mbili, 6V6 huisukuma spika, na 5Y3 hugeuza umeme wa AC kuwa DC. Ukikuta 6BQ5, ambayo Wazungu wa Ulaya huiita EL84, ujue uko familia nyingine, kama ile ya Kalamazoo Model 1.

Sasa hapa tulia. Ukikuta 50C5, 35W4 na wenzao wawili wa namba zinazoanza na 12, jumlisha. 50 na 35 na 12 na 12 ni 109. Umeme wa ukutani uliokusudiwa ulikuwa volti 117. Hesabu hiyo si bahati: filamenti zimeungwa mfululizo, moja baada ya nyingine, na kulishwa moja kwa moja kutoka ukutani, kasoro ikifidiwa na rezista. Maana yake hakuna transfoma ya umeme. Plagi ya zamani ya meno mawili ikichomekwa kinyume, chasisi, yaani fremu ya chuma inayoshika vipuri, inaweza kubeba umeme wa ukutani, na kutoka hapo unapita kwenye waya wa gitaa hadi kwenye nyuzi unazozishika. Amplifaya hizi zimepewa majina ya kuogofya, na zimeyastahili. Usiiwashe "kidogo tu nisikie". Tia kwanza transfoma ya kutenganisha, yenye koili mbili zisizogusana, ya volti 117 kwa 117, yenye uwezo wa VA 50 (volti-ampea) au zaidi, kisha plagi ya meno matatu, waya wa ardhi ukiwa umefungwa kwenye chasisi kwa skrubu yake.

Kwa mnaoishi kwenye umeme wa volti 220 hadi 240, kuna mtego hapa. Transfoma nyingi za kushushia umeme zina koili moja tu iliyochukuliwa katikati. Zinashusha volti, ndiyo, lakini hazitenganishi chochote. Pima kwa mita, umeme ukiwa umezimwa na plagi zimechomolewa: kati ya waya wa kuingia na waya wa kutoka kusiwe na njia kabisa. Mita ikilia, hiyo haifai kazi hii.

Tarehe ni kazi ya raha zaidi. Tafuta namba iliyopigwa mhuri kwenye spika, transfoma na potenshomita, kile kipuri kilicho nyuma ya nobu. Tarakimu tatu za mwanzo ni kampuni: 220 ni Jensen, 465 ni Oxford, 137 ni CTS, 606 ni Schumacher. Kisha mwaka, kisha wiki. 220632 ni Jensen ya wiki ya 32, mwaka unaoishia na 6. Ni 1946, 1956 au 1966? Hapo unaulizia boksi lenyewe. Fender wa enzi hizo walipiga pia herufi mbili kwenye karatasi ya orodha ya valvu iliyobandikwa ndani, mwaka halafu mwezi, A ikiwa 1951. FD ni Aprili 1956. Spika huharibika na kubadilishwa, kwa hiyo tarehe moja isikutoshe. Zikikubaliana tatu, hujauziwa mbuzi kwenye gunia.

Wengi hunijia wakitaka "kuiboresha" kabla hawajaisikia ikiwa nzima. Mvumo mkubwa mara nyingi ni kapasita za kusafisha umeme zilizokauka. 6V6 ikiwaka wekundu kwenye bati lake, ile sahani ya chuma ndani ya kioo, shuku kapasita inayounganisha 12AX7 na 6V6, kwamba inavujisha DC. Kapasita ile ndogo iliyotoka kwenye waya wa umeme hadi chasisi ikate na uitupe. Ikifeli inaweza kukuua. Kabla ya haya yote, chomoa plagi, mwaga chaji kwa rezista ya omu elfu 10, upime, na mkono mmoja ukae mfukoni. Ndani humo mnaweza kuwa na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuzima.

Amplifaya yangu ya kwanza niliitoboa tundu jipya mbele ili niweke nobu ya toni. Toni yenyewe niliing'oa baada ya wiki mbili. Tundu lipo mpaka leo.

Tangu hapo naanza na kinachorudishika. Spika kwanza: iunganishe na boksi la nje lenye spika ya inchi 12 na utashangaa kilichokuwa kimefichwa. Linganisha omu, maana nyingi zinataka 4 na spika nyingi mpya ni 8. Wala usiiwashe bila spika, transfoma ya kutokea inaweza kuungua. Pili, kwenye Champ ya toleo la 5F1 kuna rezista ya omu elfu 22 inayorudisha sauti kutoka kwenye spika kwenda hatua ya pili. Inyanyue upande mmoja tu. Sauti itapanda, itakuwa na ukali zaidi na kukwaruza mapema. Mimi huipenda kwa gitaa la umeme lenye pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) dhaifu. Kwa pikapu nzito inachosha masikio.

Usishawishike kuongeza kapasita kubwa ya kusafisha umeme unapotoka kwenye 5Y3. Mikrofaradi 20 ni mwisho wake.

Halafu pima 6V6. Volti 19 juu ya rezista ya omu 470 iliyo kwenye kathodi, sehemu ya valvu inayotoa elektroni, ni miliampea 40. Kukiwa na volti 300 kati ya bati na kathodi, hizo ni wati 12, ukomo wa 6V6GT za zamani. Ukipata wati 15, ongeza omu za rezista hiyo. Andika vipimo vyako kwenye kipande cha karatasi, ukibandike ndani ya boksi, na vipuri vya zamani uviweke kwenye mfuko uliofungwa papo hapo, kwa ajili ya fundi atakayeifungua baada yako.