Kwa wanaoanza kusoma homoni: tafuteni kinachozima

Wadogo zangu mnaoanza mwaka wa kwanza wa uuguzi, ukunga au utabibu, fiziolojia itawafikia kwa fujo. Mtaanza na seli, mtaingia kwenye neva, na kabla hamjatulia mtawekewa mbele jedwali refu la homoni, kila moja na tezi yake na kazi yake. Hapo ndipo wengi wanapokimbilia madesa ya waliotangulia na kukariri usiku kucha. Mtihani wanaweza kufaulu. Wakifika wodini, mama akiwauliza swali dogo tu kuhusu hedhi yake, jedwali lote limeshayeyuka.

Nimelifundisha somo hili na nimefanya kazi wodini kabla na baada ya kulifundisha. Kila homoni mnayokutana nayo, iulizeni maswali manne. Inatoka wapi? Nini kimeichochea itoke? Inafanya kazi kwenye kiungo gani? Na nini kinaizima? Swali la nne ndilo linalorukwa, kwa sababu majedwali mengi hayana safu yake. Ongezeni safu hiyo kwa kalamu yenu wenyewe. Karibu kila kitu mtakachokikuta kwa mgonjwa kinakaa pale.

Sikubaliani na desturi ya kuanzia kwenye ubongo. Hipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, na pituitari, tezi ndogo iliyo chini yake, zina majina magumu na kazi zake hazionekani kwa macho. Anzeni na tumbo. Hata historia ilianzia huko: Januari 1902, jijini London, William Bayliss na Ernest Starling walichukua kipande cha utumbo mwembamba wa mbwa, wakakata neva zake, kisha wakakitia tindikali. Kongosho likamwaga majimaji yake vilevile. Kwa kuwa neva hazikuwepo tena, ujumbe ulikuwa umepita kwenye damu. Wakakwangua utando wa ndani wa utumbo, wakausaga na tindikali, wakachuja, wakadunga mchujo ule kwenye mshipa wa mbwa. Kongosho likaitika tena. Kitu hicho wakakiita sekretini. Someni jaribio hilo polepole, hatua kwa hatua, kwa sababu linaonyesha namna ya kufikiri ambayo mtaitumia maisha yenu yote ya kazi.

Sasa fuateni sahani moja ya ugali, maharage na samaki wa kukaanga kuanzia mdomoni. Mate yanaanza kuvunja wanga. Chakula kikishuka tumboni, gastrini, homoni ya tumbo, inatoka na kuamsha seli zinazomwaga tindikali, na tindikali hiyo inaamsha kimeng'enya cha pepsini kianze kukata protini za samaki na maharage. Mwanzoni chakula chenyewe kinaipunguza makali tindikali. Tumbo likianza kuwa tupu, ukali unapanda, na ukipanda sana gastrini inafungwa. Tindikali inajizima yenyewe. Chakula kinaingia duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, kikiwa kikali. Sekretini inatoka, kongosho linaleta bikaboneti, ukali unakwisha, na ukishakwisha sekretini nayo inapungua. Mafuta ya samaki yanatoa homoni nyingine, CCK, ambayo inakamua mfuko wa nyongo, inaleta vimeng'enya vya kongosho na kulichelewesha tumbo lisimwage mzigo wote kwa mkupuo. Ndiyo maana mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo anaumia baada ya chipsi mayai, na baada ya uji mwepesi hasikii kitu. Mfuko unakamuliwa, jiwe limeziba njia.

Chukueni mfano wa omeprazoli, maana mtaukuta kila siku. Mtu ana kiungulia, ananunua dawa duka la jirani, anameza miezi mingi bila kumwona mganga. Dawa inafunga pampu ya tindikali. Tindikali ikiwa chini, hakuna tena kinachoizima gastrini, kwa hiyo gastrini inapanda na kubaki juu, na seli za tindikali zinanenepa zikisubiri. Siku anayoacha ghafla, tindikali inarudi kwa nguvu kuliko ilivyokuwa. Anaamini ugonjwa wake umezidi, anarudi dukani. Aliyekariri kwamba gastrini huongeza tindikali hawezi kumsaidia mtu huyu.

Kipindupindu nacho kieleweni kwa swali hilohilo. Kwa siku ya kawaida mwili unamwaga lita 7 hivi za majimaji kwenye njia ya chakula, ukijumlisha mate, tindikali, nyongo na mengine, na karibu yote yanafyonzwa kurudi kwenye damu. Sumu ya kipindupindu inaingia kwenye seli za utando wa utumbo na kukwamisha swichi ikiwa imewashwa. Kloridi inamwagika, sodiamu na maji vinafuata, na hakuna cha kuzima. Lakini kuna mlango mmoja ambao sumu haiugusi, ule unaoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja. Dawa ya maji ya chumvichumvi, ORS, inapita mlango huo. Pakiti ya sasa ya lita 1 ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi, pamoja na potasiamu na sitreti. Vipimo hivyo vimekokotolewa. Mama akiongeza vijiko vya sukari ili mtoto aipende, au akimpa soda badala yake, sukari nyingi inabaki ndani ya utumbo na kuvuta maji zaidi kutoka mwilini. Msimkaripie. Mwelezeni sababu, naye ataacha.

Mkishazoea tumbo, njooni kwenye uzazi. Hapa nawaomba karatasi na kalamu ya risasi. Choreni siku 28 kwa mlalo, kisha mistari minne juu yake: FSH na LH zinazotoka pituitari, estrojeni na projesteroni zinazotoka kwenye ovari. Msinakili picha ya kitabu. Choreni wenyewe huku mkisema kwa sauti nani anamsukuma nani, na mstari wowote mnaoshindwa kuueleza ndio hamjauelewa.

Siku ya 1 ni siku ya kwanza ya damu. FSH inakuza mayai kadhaa, yai linaloongoza linatoa estrojeni, na estrojeni hiyo inairudisha FSH chini, mayai mengine yanakosa msaada na kunyauka. Kufikia hapo ni sheria ileile ya tumbo. Halafu inatokea kitu ambacho wanafunzi wengi wanakipita mbio: estrojeni ikikaa juu sana kwa muda wa siku 2 hivi, kazi yake kwa pituitari inageuka. Badala ya kuzima, inawasha. LH inafumuka, na baada ya siku moja na nusu hivi yai linatoka. Someni aya hiyo ya kitabu mara nyingi kadiri mnavyohitaji. Nyuma linabaki ganda la yai, linageuka kuwa tezi ya muda ya rangi ya njano inayotoa projesteroni. Tezi hiyo ina maisha ya siku 14 hivi. Ikinyauka, projesteroni inaanguka na damu inatoka. Mimba ikitunga, kiinitete kinaleta homoni ya hCG inayoizuia tezi hiyo isife, na hiyohiyo hCG ndiyo inayosomwa na kipimo cha mkojo.

Kutokana na hapo mnapata jambo ambalo wanawake wengi wameambiwa vibaya. Nusu ya pili ya mzunguko haibadiliki sana. Inayorefuka na kufupika ni ya kwanza. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka karibu na siku ya 14. Mwenye siku 35, karibu na ya 21. Mwenye 24, karibu na ya 10. Mwanamke anayetafuta mtoto, au anayekwepa mimba kwa kuhesabu, akipewa siku ya 14 kama kanuni ya wote, amepotoshwa na mtu aliyevaa sare. Na hata kwa mwanamke mmoja, mwezi huu na ujao vinaweza kutofautiana, kwa hiyo kalenda peke yake haitoshi kukinga mimba. Chukueni kalenda yake, hesabuni naye, mwambieni na hilo.

Kwenye kliniki ya uzazi wa mpango mtakutana na mwanamke wa sindano ya miezi mitatu. Anakaa, anavuta kitenge, anasubiri wenzake watoke, kisha anauliza kwa sauti ya chini: "Nesi, damu yangu inaenda wapi? Shemeji zangu wanasema inajikusanya tumboni, itakuja kuwa uvimbe." Msicheke, wala msimjibu kwamba ni kawaida tu. Mwelezeni hivi: "Dada, kila mwezi mji wa mimba hujitandikia utando kwa ndani kwa ajili ya mtoto, na mtoto asipokuja, utando ule ndio unaobomoka na kutoka kama damu. Sindano imeuacha utando mwembamba. Hakuna kilichojengwa, kwa hiyo hakuna cha kutoka wala cha kukusanyika." Nimewaona wanawake wakipumua kwa nguvu baada ya maneno hayo. Mwambieni pia kwamba akiacha sindano, hedhi na mimba vinaweza kuchelewa miezi kadhaa, ili asije akadhani ameharibiwa. Na kama hedhi ilikoma bila sindano wala dawa yoyote, hiyo ni habari nyingine kabisa. Ichunguzeni, mkianza na kipimo cha mimba.

Kwa wanaume mfano ulio karibu ni vijana wa gym wanaodungwa testosteroni, homoni ya kiume. Misuli inajaa, na kijana anaamini uanaume wake umeongezeka. Pituitari inaona testosteroni tele kwenye damu, inapunguza LH na FSH. Korodani hazipati amri, testosteroni ya ndani yake inaanguka, mbegu zinapungua, pengine zinakwisha, na korodani zenyewe zinasinyaa. Mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo hata akiacha leo, itamlazimu kusubiri. Kijana aliyeoa, anatafuta mtoto, ana kifua kipana na vipimo vya mbegu havionyeshi kitu: muulizeni kuhusu sindano akiwa peke yake, bila mke wala mama mzazi pembeni.

Leba ndipo sheria inapogeuzwa kabisa. Kichwa cha mtoto kinakandamiza mlango wa kizazi, neva zinapeleka habari, pituitari inatoa oksitosini, mji wa mimba unakaza, kichwa kinakandamiza zaidi, oksitosini inazidi. Hakuna cha kuzima mpaka mtoto atoke. Kisha mji wa mimba lazima uendelee kukaza, kwa sababu mishipa pale kondo lilipokuwa limeshikwa inabanwa na misuli hiyo. Uniti 10 za oksitosini msulini mara mtoto anapozaliwa, baada ya kuhakikisha hakuna pacha aliyebaki, ni kwa ajili ya hilo. Oksitosini inaharibika kwa joto, inatunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Mkikuta chupa zake zimeachwa juu ya meza ya leba tangu asubuhi, zungumzeni hata kama mna wiki moja tu kazini. Mtoto naye awekwe titini ndani ya saa ya kwanza. Kunyonya kunatoa oksitosini, ndiyo sababu mama anasema tumbo linambana kila mtoto anaponyonya.

Maziwa yenyewe hutengenezwa na prolaktini, na hii imekaa kinyume na wenzake: hipothalamasi inaizima muda wote kwa kemikali iitwayo dopamini, na kunyonya ndiko kunakoondoa kizuizi. Dawa za kuzuia kutapika kama metoklopramidi zinazuia dopamini. Kwa hiyo msishangae binti asiye na mtoto, aliyekunywa dawa hiyo kwa muda mrefu, akija na maziwa yanachuruzika na hedhi imesimama. Muulizeni dawa anazotumia kabla ya kumpeleka kwenye kipimo kingine.

Neno moja kuhusu "mvurugiko wa homoni". Mitandaoni na mitaani kuna unga na vidonge vinavyouzwa kwa jina hilo, na wanawake wanalipa fedha nyingi. Mtu akiwaambia homoni zake zimevurugika, muulizeni kwa upole: ipi? Kipimo gani kilionyesha? Bila jina la homoni hakuna ugonjwa uliotajwa bado, na pengine anachohitaji ni kupimwa tezi ya shingo, sukari, au mimba.

Na karatasi ya maabara ikifika, msisome homoni peke yake. Isomeni pamoja na ile inayoiamrisha. Mwanamke wa miaka 52 mwenye FSH ya juu: ovari zimepunguza estrojeni, hakuna wa kuizima FSH, hiyo ni kukoma hedhi. T4, homoni ya tezi ya shingo, ikiwa chini, na TSH, amri ya pituitari kwa tezi hiyo, ikiwa juu: tezi ya shingo imeshindwa na pituitari inaisukuma. Ikiwa ni kwa kukosa madini ya joto, msukumo huo wa muda mrefu unaweza kuikuza tezi mpaka ikawa rovu. Lakini T4 ikiwa chini na TSH haijapanda, tatizo liko juu, kwa anayeamrisha. Akiwa ni mama aliyejifungua, anachoka, anasikia baridi, maziwa hayakuja na hedhi haijarudi, muulizeni alitoka damu kiasi gani siku ya kujifungua. Pituitari hunenepa wakati wa ujauzito, na ikikosa damu ghafla inaweza kufa. Mama huyo apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, na habari ya damu iandikwe kwenye karatasi ya rufaa.